Imani ya mgonjwa iulizwe mapema

Mzee mmoja wa Arua, Uganda, Mwislamu mwenye saratani ya ini, alikuwa akifunga midomo kila binti yake alipomsogezea kijiko cha mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hata jamaa wakadhani amekata tamaa. Muuguzi alivuta kigoda karibu na mkeka wake, akamuuliza, "Baba, ni nini kinachokutia hofu?" Mzee alijibu kwa sauti ya chini kwamba anaogopa dawa itamlevya, mauti yamkute hawezi kutamka shahada. Alielezwa kwamba usingizi unaoletwa na mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, na kwamba ataanzishiwa dozi ndogo. Imamu akaitwa, akamhakikishia kuwa kutuliza maumivu si dhambi. Jioni ile alikunywa.

Hospice Africa Uganda ilianza kazi Kampala mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yetu inawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, ndiyo maana dawa hii hufika hata vijijini. Lakini inaweza kufika na ikabaki ndani ya chupa, kwa sababu ambayo hakuna aliyeiuliza. Kwa hiyo sisi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, tunalihesabu swali la imani kuwa sehemu ya matibabu, wala si jambo la kuachiwa padri au shehe siku ya mwisho, wakati mgonjwa hana tena sauti.

Kipimo cha maswali cha African Palliative Care Association, chama cha huduma shufaa chenye makao Kampala, humuuliza mgonjwa kama amekuwa na amani moyoni. Ni swali fupi, na linamfaa hata asiye na dini. Ukishauliza, nyamaza. Usikisie kwa jina wala kwa rozari iliyo shingoni, kwani Mkatoliki anayesubiri Mpako wa Wagonjwa huenda pia anataka wazee wa ukoo waje wasameheane. Mhudumu hahubiri, habishani, wala haahidi miujiza. Mchungaji akimwambia mgonjwa aache dawa, tunaona ni heri kumkaribisha kando ya kitanda cha mgonjwa na kumweleza dawa inavyofanya kazi kuliko kumpinga nyuma ya mgongo wake.

Ninyi mnaouguza nyumbani, msione haya kumwambia muuguzi kwamba mama anataka alazwe kuelekea kibla, au asioshwe na mwanamume, au asipewe dawa kabla sala haijaisha. Yote hayo huandikwa kwenye faili lake, pamoja na dozi.