Goti limefanyiwa oparesheni, hiyo khanga itoeni chini yake

Kuna kitu nakiona sana huku kwetu Kigoma na kinaniuma. Kijana kakatika ligamenti ya goti (ile kamba inayoshikilia mifupa ya goti) kwenye mpira, kaenda Dar kafanyiwa oparesheni, karudi nyumbani Ujiji, mama kwa huruma anakunja khanga anamuwekea chini ya goti apumzike. Maumivu yanapungua kweli, ila goti likikaa limepinda hivo wiki mbili tatu linakakamaa, akija kwetu kitengo cha mazoezi tiba halinyooki tena na kulirudisha ni kazi, mtu analia.

Jamani hiyo khanga isogezeni iwe chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia lijinyooshe lenyewe kwa uzito wake, dakika kumi hivi, mara kadhaa kwa siku. Alafu kaza msuli wa mbele wa paja kama unakandamiza goti kwenye godoro, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10. Linaonekana zoezi la kitoto lakini huo msuli baada ya oparesheni unakuwa kama umezimika, usipouamsha utachechemea miezi. Barafu funga kwenye kitambaa, dakika 15 mpaka 20. Kuchua na maji ya moto hapana.

Choo cha kuchuchumaa watu wanaona aibu kuuliza, ulizeni tu. Mwanzoni usichuchumae, toboa kiti cha plastiki katikati kikae juu ya tundu, na kuswali swali umekaa kitini.

Ila mwezi wa 3 baada ya oparesheni ndo unanitisha zaidi, maana goti halivimbi, magongo umeshaacha, washkaji wanakuita ndondo Mwanga. Kumbe ile kano uliyowekewa badala ya ligamenti iliyokatika, mara nyingi imetolewa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, mwili bado unaijenga upya na kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 12 hivi inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Mpira subiri angalau miezi 9, na hapo tunakupima kwanza, unaruka kwa mguu mmoja, ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake.

Na kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikakubana ghafla, damu inaweza kuwa imeganda, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.