Maegesho ya Kariakoo na Posta: tunayoaminishana na ukweli wake

Ukitaka madereva wa Dar wakubaliane kwa jambo moja, taja ushuru wa maegesho. Wote watakwambia ni wizi. Mimi sina ugomvi na ada yenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi inavyopangwa, na maneno tunayoyarudia kijiweni mpaka yamekuwa kama kweli.

"Pasipo na mkusanyaji ni bure"

Nenda Kariakoo mchana, mtaa wowote ambao mwenye mashine ya ushuru hajafika. Hujazima hata injini, kijana ameshatokea: "Rudi bosi, rudi, kata yote, hapo hapo!" Nafasi alikuwa ameishikilia kwa tairi bovu au ndoo ya mchanga. Ukitoka anataka jero, au buku. Ikikaribia Idi au Krismasi, jero haitazami.

Kijana huyo anaijua kazi. Ameona nafasi chache na wanaozitaka wengi, akaweka bei, na msimu ukifika anaipandisha. Jiji lisipoweka bei, mtaa utaiweka, ila hela hiyo haitaziba shimo hata moja barabarani. Ukimkwepa utalipa kwa mafuta: Msimbazi, Uhuru, unarudi Aggrey, unazunguka tena, na wote walio nyuma yako wanakula foleni unayoitengeneza wewe.

Tena ile nafasi ni ardhi. Gari dogo linataka kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12 na nusu, hapo bado njia ya kuingilia. Kariakoo kuna fremu ndogo kuliko hiyo, na mwenye fremu hasamehewi kodi hata mwezi mmoja.

"Ada inafukuza wateja"

Hii wenye maduka wanaishikilia kwa mikono miwili. Simama mbele ya maduka saa mbili asubuhi uangalie magari ya kwanza kupaki ni ya nani. Ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao! Gari linakaa hapo mpaka saa kumi na moja jioni. Saa tisa nzima nafasi imeliwa na mtu ambaye hanunui kitu. Nafasi hiyo hiyo, kila mteja akikaa saa moja, ingepokea wateja tisa. Ada ya kwa saa ndiyo inayomsukuma mwenye duka akapaki mbali kidogo. Ukimuuzia siku nzima kwa bei ya kutupa, umemrudisha pale pale mlangoni.

Halafu wafanyabiashara huwa wanakosea kuhesabu. Bristol, Uingereza, waliulizwa wateja wao wangapi huja na gari. Wakakadiria asilimia 41. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa 22. Na hao ni Waingereza. Mteja wa jumla anayetoka mkoani anashuka stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, anakuja mjini kwa daladala au mwendokasi, na mzigo wake unaondoka kwa kirikuu. Gari lake la kupaki liko wapi?

Pale wanapokuwa na haki ni kwenye swali la hela inakwenda wapi. Old Pasadena, California, wenye maduka walizikataa mita za maegesho, yaani mashine za kulipia kupaki, mpaka walipokubaliwa kwamba mapato yatabaki mtaani kwao. Mita zikaanza mwaka 1993, hela ikaenda kwenye njia za waenda kwa miguu, taa, miti na usafi, na mtaa uliokuwa umechoka ukajaa watu. Mtu wa Kariakoo analipa ushuru, anafungua mlango, anakanyaga tope. Huyo hata mimi siwezi kumshawishi.

"Bei ikishawekwa ni kupanda tu"

San Francisco walianza mwaka 2011 kupanga bei kwa kuangalia nafasi zinavyojaa. Palipofurika ikapanda, palipododa ikashuka, na kwa jumla wastani wa bei ukashuka. Mchumi Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa na kipimo chepesi: bei iwe ya chini kadiri inavyowezekana, mradi kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi, yaani zijae kama asilimia 85. Kwa kipimo hicho, barabara ya Samora pale Posta, Samora ya Jumatatu saa nne asubuhi na Samora ya Jumapili jioni haziwezi kuwa bei moja.

"Dawa ni maghorofa ya maegesho"

Yapo majengo Kariakoo yaliyochorwa na maegesho chini. Leo ni stoo na maduka, kwa sababu boksi la viatu linalipa kuliko gari. Na barabarani kukiendelea kuwa rahisi kuliko ghorofani, nani atapanda?

"Ada inamwonea maskini"

Maskini wa Dar yuko kwenye daladala, amesimama. Daladala hiyo inashushia katikati ya barabara kwa sababu pembeni kumepakiwa. Ukigawa barabara bure, umewapa wenye magari. Wa kuangaliwa ni kirikuu na bajaji za mizigo: hao wanahitaji sehemu ya kushushia kwa dakika chache, na hizo sehemu ndizo tunazozikuta zimejaa magari ya siku nzima.

"Sikuona risiti, sidaiwi"

Unadaiwa. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoleta mfumo wa kielektroniki Dar mwaka 2021, deni linaandikwa kwa namba ya gari na unalilipa kwa kontrol namba, hata kama karatasi ilipeperuka au hukupewa kabisa. Kwa hiyo ukinunua gari kwa mtu, angalia deni la maegesho kabla hujamkabidhi hela yake.