Devadana: ardhi ya mungu, wimbo wa mtakatifu na hazina ya mfalme

Devadana ni mali, hasa ardhi, inayotolewa kwa mungu wa hekalu fulani ili mapato yake yagharimie ibada ya mahali hapo: mpunga wa sadaka, samli ya taa, maua, posho za wahudumu. Anayeijua wakfu ameshafika nusu ya safari. Mtoaji hana tena dai juu ya mali hiyo, na kazi yake imetajwa tangu siku ya kutolewa. Tofauti ni kwamba hapa mwenye mali ni mungu wa hekalu lile lile, kwa jina analoitwa pale, na sheria ya India humhesabu mpaka leo kuwa mtu wa kisheria. Katika kesi ya kugombea kiwanja cha ibada mjini Ayodhya, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019, mmoja wa wadai alikuwa Ram Lalla, yaani mungu Rama akiwa mtoto, akisemewa na binadamu kwa utaratibu ule ule wa mtoto ambaye hajafikia umri.

Wafalme wengi wa Kihindu walitoa devadana, lakini mahali inapoonekana vizuri zaidi ni kusini, katika nchi ya Watamil, enzi ya ukoo wa kifalme wa Chola, kwa sababu ukoo huo ulipenda kuandika kila kitu kwenye mawe.

Kwanza tuelewe mfalme alikuwa anatoa nini hasa. Mara nyingi hakutoa udongo wenyewe. Mavuno ya shamba yalikuwa na mafungu mawili: fungu la juu, lililokuwa haki ya mtawala, na fungu la mkulima. Mfalme alitoa fungu lake. Mkulima alibaki palepale na jembe lake, ila mpunga uliokuwa ukienda ghala la mfalme sasa ulikwenda hekaluni. Kodi haikufutwa, ilibadilishiwa njia. Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaozisimulia sadaka hizi kana kwamba zilikuwa ukarimu mtupu. Mtu wa chini aliendelea kulipa.

Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo huo wa Chola, alitawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Hekalu lake la mungu Shiva mjini Thanjavur, lenye mnara unaozidi mita 60, lilikamilika mwaka 1010. Kwenye kuta zake aliamuru yachongwe yote aliyotoa yeye, dada yake mkubwa Kundavai, wake zake na watu wengine. Vimo vijiji, vingine vya mbali hadi Sri Lanka alikokwisha kuteka sehemu. Vimo vyombo vya dhahabu, na jiwe linasema waziwazi kwamba baadhi vilitoka katika hazina za wafalme wa koo jirani za Chera na Pandya baada ya kushindwa vitani. Hakuna aliyeona haya kuandika hivyo.

Fedha taslimu nazo hazikuachwa zilale. Zilikopeshwa mabaraza ya vijiji, na baraza lililopokea sarafu lilipaswa kulipa faida ya sehemu moja ya nane kila mwaka, yaani asilimia 12.5. Mtaji haukudaiwa, ilidaiwa faida tu, na ilidaiwa daima. Kijiji kikishaingia kwenye deni la mungu, hata wajukuu hawatoki.

Utaratibu wa taa ndio unaonifurahisha kuliko yote. Mtu akitaka taa moja iwake usiku na mchana mbele ya mungu, hatoi samli. Anatoa kondoo 96. Mchungaji anakabidhiwa kundi, na wajibu wake ni kupeleka hekaluni kipimo kimoja cha samli kila siku. Hana kondoo? Ng'ombe 48 au nyati-maji 16 walikubalika kwa taa hiyo hiyo. Maandishi huwaita kondoo hao "wasiokufa wala kuzeeka". Bila shaka walikufa, lakini kwa hesabu kundi linabaki 96: anayekufa anafidiwa na mwanakondoo, na kinachozidi ni riziki ya mchungaji. Taa inawaka kizazi baada ya kizazi bila mfalme kugusa hazina tena.

Miongoni mwa waliolipwa na hekalu la Thanjavur walikuwamo wanawake 400 wa huduma ya hekalu, kila mmoja na nyumba yake na fungu lake la mpunga. Walikuwamo pia waimbaji 48 pamoja na wapiga ngoma wawili, wakipewa posho ya mpunga kwa siku. Hapo ndipo watakatifu wanapoingia.

Waimbaji hao waliimba nyimbo za Appar, Sambandar na Sundarar, walioishi karne mbili tatu na zaidi kabla ya Rajaraja, wakienda kwa miguu kijiji hadi kijiji wakimsifu Shiva kwa Kitamil, lugha ya watu, badala ya Kisanskriti. Watatu hao wamo katika orodha ya watakatifu 63 wanaoitwa Nayanmar. Orodha hiyo haikuchagua watu wa tabaka la juu peke yao: yumo mwindaji Kannappar, yumo mwanamke Karaikkal Ammaiyar, yumo Nandanar wa tabaka lililoonwa kuwa najisi.

Appar aliwahi kuwa mtawa wa Kijaini, dini nyingine ya kale ya India, kisha akarejea kwa Shiva. Masimulizi yanasema mfalme wa ukoo wa Pallava, aliyefuata Ujaini, alikasirika, akamtia katika tanuri la chokaa, akampa sumu, akamwachia tembo amkanyage, mwisho akamfunga kwenye jiwe na kumtosa baharini. Hakufa. Na wajumbe wa mfalme walipokuja kumwita, jibu lake lilikuwa wimbo: sisi si raia wa yeyote, wala kifo hatukiogopi.

Miaka mia tatu na ushei baadaye, mfalme mwingine anawalipa watu posho waziimbe nyimbo za mtu huyo. Kwa nini?

Jibu langu liko kwenye ramani. Nyimbo za hao watatu zinataja mahali zaidi ya 270 anapokaa Shiva, na sehemu kubwa iko katika bonde la mto Kaveri, ambako ndiko kiini cha nchi ya Chola. Vijiji hivyo vilikuwa mioyoni mwa watu kabla ya ukoo huo kupata nguvu. Malkia mjane Sembiyan Mahadevi, wa ukoo huo huo, alitumia miaka mingi kuyajenga upya kwa mawe mahekalu ya matofali yaliyotajwa nyimboni. Hakuhitaji kutangaza dini mpya. Alikwenda pale ambapo watu tayari wanapiga magoti, akaacha jina lake ukutani.

Hadithi moja mashuhuri humpa Rajaraja sifa ya kuziokoa nyimbo zenyewe. Zilikuwa zimefungiwa katika chumba cha hekalu la Chidambaram, zimeandikwa kwenye majani ya mvumo, na walinzi wakasema mlango hautafunguliwa mpaka waje watakatifu watatu wenyewe. Mfalme akaagiza sanamu zao zibebwe kwa maandamano hadi mlangoni. Mlango ukafunguliwa, mchwa wakakutwa wameshakula nyingi. Ni hadithi tamu, ila maandishi ya mawe yanaonyesha nyimbo hizo zilikuwa zikiimbwa mahekaluni kabla ya Rajaraja kuzaliwa.

Hata mateso ya Appar tunayajua zaidi kupitia Sekkizhar, aliyeandika maisha ya watakatifu 63 katika karne ya 12, na huyo alikuwa waziri wa mfalme wa Chola. Mfalme mbaya katika kisa ni wa ukoo mwingine, na waliomchochea ni Wajaini. Lakini usidhani Rajaraja aliwafungia mlango watu wa dini nyingine: alitoa kijiji cha Anaimangalam kigharimie nyumba ya watawa wa Kibudha pale bandari ya Nagapattinam, iliyojengwa na mfalme wa Srivijaya, dola ya baharini ya Sumatra. Bandari ilihitaji wageni wake.

Waliobaki nyuma ni watu wa Nandanar. Yeye alisifiwa nyimboni, lakini watu wa tabaka lake walizuiwa milangoni karne baada ya karne. Hekalu la Minakshi la Madurai liliwafungulia mwaka 1939, na sheria ya mkoa wa Madras ya kufungua mahekalu ikaja mwaka 1947.

Wafalme wamekwisha, devadana ipo. Kampuni ya biashara ya Waingereza, iliyotawala huko wakati huo, iliweka usimamizi wake mwaka 1817, na leo mahekalu mengi ya jimbo la Tamil Nadu yako chini ya idara ya serikali ya jimbo kwa sheria ya mwaka 1959. Mwaka 2008 serikali hiyo ilitoa amri kwamba nyimbo za Appar na wenzake ziruhusiwe kuimbwa kwa Kitamil kwenye jukwaa lililo mbele ya mungu wa Chidambaram, jambo lililopingwa na makuhani warithi wa hapo, na polisi wakaitwa kulinda waimbaji. Kuhusu nani aliendeshe hekalu hilo, makuhani walikwenda mahakamani na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi.