Leta mashine kabla haijazima

Simu za kazi hunifikia saa tisa usiku, siku za giza, dagaa wakiwa wamejaa chini ya taa. "Fundi, mashine imekataa!" Wavuvi wakishakokotwa hadi mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nauliza iliangaliwa lini mara ya mwisho. Jibu ni lile lile: "Haikuwa na shida."

Shida ilikuwepo, tena ilikuwa inaonekana. Mashine ya boti hujipoza kwa maji ya ziwa. Huyavuta kwa kipangaboi kidogo cha mpira kilicho ndani ya pampu, huku chini juu kidogo ya propela. Mchanga wa ufukweni hukila, na mashine ikikaa muda mrefu mpira hukakamaa. Kikianza kuchoka, yale maji yanayoruka pembeni hupungua nguvu. Mimi huyaita mkojo wa mashine. Vijana hucheka, lakini wameshika. Mkojo ukiwa mwembamba, zibua kwanza kwa waya kitundu kinachoyatoa, huenda ni takataka tu. Usipobadilika, tufungue pampu. Ukiendelea hivyo hivyo, pistoni itapata moto na kung'ang'ania kwenye silinda, na hapo hatuzungumzii tena bei ya kipande cha mpira.

Sisi wa dagaa tumepewa nafasi kila mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazifui dafu, vipe, boti zetu za dagaa, vinapumzika. Siku hizo utawakuta watu wameketi mchangani wanashona nyavu, tundu dogo la kidole linazibwa. Mtu huyo huyo mashine anaisubiri ife. Sijawahi kuelewa.

Siku hizo ndizo za kuchomoa plagi na kumwaga oili ya giaboksi. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili inayoyazuia imekwisha. Mchanganyiko wa oili na petroli nao upimwe kwa chombo kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kukisia kwa jicho ndiko kunakoniletea wateja.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi 3, tangu katikati ya Mei, nilijua nitazidiwa. Lakini Juni yote nilikunywa kahawa tu bila kazi. Wiki ya mwisho kabla ya tarehe 15 Agosti, mashine zilipanga foleni hadi barabarani, na kila mwenyewe alitaka yake iwe ya kwanza.

Mbalamwezi hii nipo kibandani tangu asubuhi. Njoo na mashine inayowaka.