Mnyama Huanzia Jichoni: Kuwachora Wanyamapori kwa Rangi za Maji

Katika rangi za maji, mwanga wote unaouona kwenye picha ni karatasi yenyewe inayong'aa chini ya tabaka jembamba la rangi, na ukishaifunika ni vigumu kuirudisha ilivyokuwa. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kummaliza chui mzima ndipo amtilie nuru jichoni. Sisi tunalazimika kuamua mahali pa nuru hiyo kabla ya brashi kugusa maji. Ndiyo maana mimi huanza na jicho, na huwahimiza wanafunzi wangu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu jicho likiharibika mwanzoni umepoteza nusu saa, lakini likiharibika mwishoni umepoteza picha nzima.

Litazame kwa makini, kwa kuwa mara nyingi tunachora jicho tunalolikumbuka badala ya lile lililo mbele yetu. Mboni ya simba na ya chui ni ya duara, haina ule mpasuo wa wima tunaouona kwa paka wa nyumbani, ilhali ya swala ni ndefu na imelala. Nuru nayo ina mahali pake. Katika picha ya sungura aliyoichora Albrecht Dürer mwaka 1502, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Albertina jijini Vienna, ndani ya jicho inaonekana taswira ya dirisha. Hilo linamfaa mnyama aliye chumbani. Aliye porini huakisi anga, kwa hiyo nuru ya jicho lake huwa ukanda wa ubuluu hafifu upande wa juu, uliokatwa na kivuli cha kope. Ukanda huo huuacha mkavu, nikapaka sehemu iliyobaki kwa rangi nyepesi ya kaharabu, na kabla haijakauka hugusisha rangi nzito chini kidogo ya kope ili ijitandaze yenyewe. Sehemu ya chini ya jicho hubaki angavu, kwa kuwa mwanga uingiao kutoka juu hutua huko. Mboni hungoja hadi kila kitu kikauke.

Manyoya yanaweza kusubiri zaidi. Anayemchora pundamilia kwa milia peke yake huishia kupata zulia lililoning'inia hewani. Kivuli cha tumbo na cha shingo lazima kitangulie, kikipita mahali pa milia myeupe na myeusi bila kubagua, ndipo milia ifuate ikipinda pamoja na mwili. Kwa tembo sitafuti kijivu kilichochanganywa tayari. Huchanganya buluu ya altramarini na udongo wa siena uliochomwa, yaani rangi ya kahawia yenye wekundu, kwenye karatasi ya pamba yenye uso wa mparuzo na uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani iliyo nyepesi hujikunja ikilowa. Chembe za altramarini hutuama katika vishimo vya karatasi, na rangi ikikauka huacha punjepunje zinazofanana kwa namna ya ajabu na ngozi ya tembo, kabla hujachora mkunjo hata mmoja.

Kosa lililonigharimu picha nyingi kuliko yote ni kurudi na brashi yenye maji mengi juu ya rangi iliyokauka nusu. Maji hayo huisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochanuka kama koliflawa, na ubavu wa nyati uliopata doa la namna hiyo sijawahi kuuponya. Siku hizi huigusa karatasi taratibu kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya baridi, bado ina unyevu, nami huweka brashi chini.

Nywele zenyewe huzichora chache, kwa brashi iliyokaushwa karibu kabisa, mahali manyoya yanapokutana na mwanga tu: ukingo wa sikio, mstari wa mgongo, chini ya kidevu. Miguu huilainisha kwa maji matupu ingali mibichi, ipotelee majanini. Sharubu za chui ndizo hufunga kazi, picha ikiwa imekauka kabisa: huzikwangua kwa ncha ya wembe, mkwaruzo mmoja kwa kila unywele, kutoka shavuni kwenda nje, hadi weupe wa karatasi ujitokeze tena.