Nyaya za spika katika gari la kulala: yanayosemwa na ukweli wake

Magari-nyumba yaliyotoka kiwandani ni machache sana hapa Lubumbashi, lakini mabasi madogo yamejaa, na basi dogo si gumu kuligeuza kuwa makao ya safari: viti vya nyuma vinang'olewa, kitanda na kabati vinajengwa, betri ya pili inawekwa chini ya kitanda, kisha mwenye gari anaweza kushika barabara ya Likasi na Kolwezi, au ya Kasumbalesa, bila kuhangaika kutafuta chumba. Redio ndiyo hushughulikiwa mwisho. Spika mbili za milangoni, ambazo zilimtosha dereva, hazimfikii vizuri mtu aliyelala nyuma, kwa hiyo zinahamishwa au zinaongezewa nyingine, na nyaya zinavutwa upya kupitia darini na chini ya sakafu. Katika kazi hiyo kuna mambo yanayorudiwa kwa fundi hadi fundi ambayo si kweli, na baadhi yake yameziua redio nyingi zilizokuwa nzima.

Waya hasi wa spika unaweza kufungwa kwenye bodi

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote, na chanzo chake kinaeleweka. Katika gari, karibu kila kifaa hupokea umeme chanya kwa waya na kurudisha hasi kupitia bodi ya chuma. Taa hufanya hivyo, honi hufanya hivyo, mota ya waipa hufanya hivyo. Redio nyingi za zamani nazo zilijengwa kwa mpango huo, upande mmoja wa spika ukiungwa na bodi, na waya mmoja tu ukivutwa hadi nyuma. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye magari hayo alifundishwa jambo lililokuwa sahihi kwa redio za wakati wake.

Redio za leo haziko hivyo. Kila chaneli ya spika, yaani kila njia ya sauti inayotoka redioni, ina amplifaya (vikuza sauti) mbili ndogo zinazofanya kazi kinyume: moja inapopandisha volti, nyingine inazishusha, na spika inakaa kati yake. Mpango huu ulibuniwa kwa sababu volti 12 za betri ni chache, na kwa kuisukuma spika kutoka pande zote mbili redio hutoa nguvu inayokaribia mara nne ya ile ambayo amplifaya moja ingetoa kwenye spika hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba waya ulioandikwa hasi si hasi ya gari hata kidogo. Redio ikiwa imewashwa na sauti imeshushwa hadi sifuri, nyaya zote mbili za spika zina volti 6 au 7 hivi zikipimwa dhidi ya bodi, yaani karibu nusu ya volti za betri. Anayeufunga mmoja wa nyaya hizo kwenye chuma cha gari ameipa amplifaya njia fupi ya kumwaga umeme bila kizuizi chochote. Redio yenye kinga nzuri itanyamaza au kujizima. Isiyo na kinga itaunguza chipu yake ya kutoa sauti, na kuibadilisha chipu hiyo ni kazi ambayo mara nyingi inakaribia bei ya redio nyingine iliyotumika.

Uthibitisho wake ni rahisi na hauhitaji kumwamini mtu. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha volti za mkondo mnyoofu (DC), gusisha waya mweusi wa mita kwenye skrubu safi ya bodi, na waya mwekundu kwenye waya wa spika. Mita itaonyesha zile volti 6 au 7. Kisha pima kati ya nyaya mbili za spika ileile: utaona karibu sifuri. Vipimo hivyo viwili vinaeleza jambo lote, na fundi mwenye shaka akivifanya kwa mkono wake hahitaji maelezo marefu.

Kuna sura nyingine mbili za kosa hilihili ambazo hazitambuliki upesi. Ya kwanza ni kuziunganisha hasi za spika ya kushoto na ya kulia pamoja ili kuokoa waya mmoja mrefu unaokwenda nyuma. Hata kama waya huo haugusi bodi, chaneli mbili zimefungwa pamoja mahali ambapo hazikukusudiwa kukutana, na redio inaweza kufa vilevile. Ya pili haifanywi na mtu, inafanywa na barabara. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila pete ya mpira hukwaruzwa kwa kila mtikisiko, mpaka siku plastiki yake inapoisha na shaba kugusa bodi. Redio inayonyamaza gari likiingia mashimoni na kurudi barabara inapokuwa laini ina ugonjwa huo karibu kila mara, na dawa yake ni kufuata waya tundu kwa tundu, bila kununua redio mpya.

Rangi za nyaya ni zilezile katika kila gari

Ni kweli kwamba redio nyingi zinazouzwa peke yake madukani hufuata mpango mmoja wa rangi: njano kwa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu kwa umeme unaokuja kwa ufunguo, nyeusi kwa hasi, nyeupe kwa spika ya mbele kushoto, kijivu kwa mbele kulia, kijani kwa nyuma kushoto na zambarau kwa nyuma kulia, huku waya wenye mstari mweusi ukiwa upande hasi wa spika. Lakini hizo ni rangi za redio, si rangi za gari. Nyaya zilizotoka kiwandani ndani ya Toyota zina mpango wake, na za watengenezaji wengine zina mpango mwingine. Nyeusi ya gari inaweza kuwa spika. Katika gari lililopita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla yako, usiamini rangi yoyote mpaka umeipima.

Spika zikiongezeka, sauti inaongezeka

Spika nyingi za gari zina ukinzani (uzito wa kuzuia umeme, unaopimwa kwa omu) wa omu 4, na redio nyingi zimetengenezwa kusukuma omu 4 hadi 8 kwa kila chaneli. Ukizifunga spika mbili za omu 4 sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, redio inaona omu 2. Ukiweka tatu, inaona omu 1.3 hivi. Umeme unaopita huongezeka, redio inachemka, na mwenye gari huifurahia sauti kubwa kwa muda mfupi kabla kinga haijaikata au chipu haijaungua. Ukizifunga mfululizo, moja ikifuata nyingine, redio inaona omu 8 na iko salama, lakini kila spika inapata robo tu ya nguvu ambayo ingepata ikiwa peke yake. Hakuna njia ya tatu ya bure. Kwa gari la kulala ndani, njia ninayoiona bora ni kutumia chaneli zote nne kama zilivyo: mbili za mbele kwa dereva, mbili za nyuma kwa kitandani, kisha kuhamisha sauti mbele au nyuma kwa kitufe cha redio. Kila spika inapata jozi yake ya nyaya, na anayelala hapigiwi kelele na anayeendesha.

Dhana hii inatiwa nguvu na maandishi ya kwenye boksi. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 haiwezi kutoa nguvu hiyo mfululizo. Injini ikiwaka, umeme wa gari hufika volti 14 hivi. Kwa spika ya omu 4, hesabu ya sauti safi inaishia wati 24, na baada ya hasara za ndani hubaki wati 20 au pungufu. Fyuzi ya redio yenyewe ni shahidi: ampea 10 kwa volti 14 ni wati 140 zinazoingia, nazo haziwezi kutoka zikiwa 200. Nguvu ikiongezwa mara mbili, kinachopatikana ni desibeli 3, tofauti inayosikika lakini ndogo. Ndiyo maana spika nzuri iliyofungwa vizuri kwenye ubao usiovujisha hewa humpa mtu sauti zaidi kuliko spika ya tatu na ya nne zilizoning'inizwa kabatini, ambako mawimbi ya mgongo wa spika yanazunguka mbele na kufuta besi.

Chanya na hasi zikigeuzwa, spika inaungua

Haiungui. Spika iliyogeuzwa inalia, na ikiwa peke yake hakuna atakayegundua. Tatizo huonekana zinapokuwa mbili: moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, besi inatoweka, na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa. Wengi hapo hukimbilia kununua spika nyingine. Kabla ya kufika huko, ondoa nyaya za spika kwenye redio, chukua betri ndogo ya volti 1.5, na uigusishe kwa kitambo kidogo kwenye ncha zake. Karatasi ya spika ikiruka kwenda nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Weka alama ya utepe kwenye kila waya wakati huohuo, kwa sababu baada ya ubao wa dari kurudishwa, nyaya zote zitafanana.

Waya wowote wa rangi ya shaba ni shaba

Katika mji ambao kiwanda chake cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, mtu anaweza kudhani hakuna wa kumdanganya kuhusu shaba. Hata hivyo waya mwingi wa spika unaouzwa kwa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwangua ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, umeshika alumini. Waya wa namna hiyo hufanya kazi, lakini unahitaji unene mkubwa zaidi, kwa sababu alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ncha zake hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara.

Kwa upande wa pili wako wanaoamini kwamba lazima kununua waya wa bei kubwa uliosifiwa kwa usafi wake. Hesabu inawapinga. Kutoka redio hadi nyuma ya basi dogo ni kama mita 6, kwenda na kurudi 12. Shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.5 kwa urefu huo ina omu 0.41, ambayo tayari ni sehemu ya kumi ya spika ya omu 4, ya 1.5 ina omu 0.14, na ya 2.5 ina 0.08. Kutoka 0.5 kwenda 1.5 kuna faida ya kweli, kutoka 1.5 kwenda 2.5 sikio halitaona kitu. Shaba ya kawaida ya milimita za mraba 1.5, yenye nyuzi nyingi laini zinazovumilia mtikisiko, inatosha. Fedha iliyobaki iende kwenye viungio vya kubana na mirija inayonywea kwa joto, maana utepe wa plastiki juu ya nyaya zilizosokotwa huachia gundi yake katika joto la darini na kuacha shaba wazi.

Gari la volti 24 linaweza kutoa 12 kwenye betri moja

Coaster nyingi za dizeli, yale mabasi ya Toyota, zina betri mbili zilizofungwa mfululizo, jumla volti 24, na redio ya volti 12 haiwezi kuzipokea. Njia ya mkato inayojulikana ni kuichotea redio umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Redio inawaka na kila mtu anaridhika, lakini altaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, inachaji betri zote mbili kama kitu kimoja na haijui kwamba moja imepungua. Betri inayochotewa inabaki na njaa, nyingine inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanakauka, na baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekwisha. Kinachotakiwa ni kipunguza volti kinachopokea 24 kutoka betri zote na kutoa 12, chenye uwezo unaozidi fyuzi ya redio. Aliye na betri ya pembeni ya volti 12 kwa ajili ya taa za ndani ana njia nzuri zaidi: waya wa njano na waya mwekundu wa redio zote zichukue umeme huko, ule mwekundu ukipitia swichi, na betri za injini ziachwe kwa kazi ya kuwasha injini.

Fyuzi ni ya kulinda redio

Fyuzi iliyo nyuma ya redio hulinda redio. Ile inayopaswa kuwa karibu na betri, ambayo mara nyingi haipo, hulinda waya, na katika gari ambalo watu wamelala ndani yake ndiyo ninayoitazama kwanza. Waya wa njano uliovutwa kutoka betri ya chini ya kitanda hadi kwenye dashibodi una umeme usiku kucha, redio ikiwa imezimwa au la. Ukikwaruzwa njiani na kugusa bodi, betri inaweza kuusukumia mamia ya ampea, na waya huo utakuwa mwekundu kwa moto chini ya godoro bila fyuzi ya redio kuhisi lolote, kwa sababu iko upande wa mbali. Kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa 10 kwa kuwa ile ndogo inakatika, au kuifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuondoa ulinzi wenyewe. Fyuzi ikae karibu na ncha ya betri kadiri inavyowezekana, ampea 10 au 15 kulingana na ile iliyoandikwa nyuma ya redio, juu ya waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ikikatika mara ya pili, waya unafuatwa wote kutoka betri hadi redio kabla ya kuweka ya tatu.