Chui Mweusi Si Mnyama wa Pili

Jumanne iliyopita simu imeniamsha saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja huku Liwale: "Bwana nyama, blaki panta kaingia." Ikafuata picha, na sauti ya mtu anayehema akisema mnyama kaonekana barabara ya Nangurukuru, wazazi wasitoe watoto nje. Picha hiyohiyo niliipokea mwaka jana kutoka Nachingwea, na mwaka juzi kutoka Masasi. Mnyama yuleyule, juu ya gogo lilelile, mto uleule nyuma yake. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa niwe natuma kiungo.

Hakuna mnyama anayeitwa blaki panta. Kuna chui, na kuna jagwa, paka mkubwa wa madoa wa kule Amerika, na wote wawili huweza kuzaliwa weusi. Mbuzi mweusi ni mbuzi. Chui mweusi ni chui, na jina lake la kisayansi ni Panthera pardus kama wenzake. Simba mweusi hajathibitishwa popote, puma mweusi vilevile. Simba milia (tiger) wa Similipal kule India wanaitwa weusi kwa sababu milia yao imepanuka hadi kugusana. Chini yake njano ipo. Utafiti wa mwaka 2021 uliikuta jeni inayohusika, yaani chembe ya urithi inayobeba sifa hiyo. Hao niwaache.

Turudi kwenye picha. Fungua, ongeza mwanga hadi mwisho, vuta ubavuni. Mweusi hajakosa madoa. Madoa yapo, ila ardhi iliyoyabeba nayo imekuwa nyeusi. Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, mchukue paka mweusi wa jirani saa kumi jioni, jua likiwa limelala, umlaze ubavu. Mimi nilimshika wa mama mmoja hapa mtaani: manyoya yakageuka kama kahawa iliyokolea, na milia ikajitokeza mbavuni, myembamba, ikizima na kurudi kila anapopumua. Kwa chui mweusi ni hivyohivyo. Ndiyo maana kamera zetu za usiku, zinazotumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu, humtoa na madoa yake yote kana kwamba hajawahi kuwa mweusi.

Sasa angalia umbo la yale madoa. Ya chui ni maua madogo, yamesongamana, katikati hamna kitu. Ya jagwa ni makubwa, na mengi yana nukta ndani. Mnyama wa picha yetu ana nukta. Ana kichwa kipana, kifua kizito, mkia mfupi kwa mwili wake. Ni jagwa, na jagwa porini hayupo Afrika. Hajapita Nangurukuru.

Lakini niwe mkweli. Ukiniletea picha ya kichwa peke yake, gizani, macho yakiwaka, nami sitaapa. Chui dume aliyeshiba ana shingo nene, na jagwa jike mchanga ni mwembamba. Mkia mara nyingi umekatwa na pembe ya picha. Bila ubavu, atakayekupa jibu la hakika anakudanganya.

Linalonichosha zaidi ni lingine. Mjomba wa mke wangu, mzee ninayemheshimu, kashikilia kwamba weusi wana ukoo wao msituni, wanaoana wao kwa wao. "Wa njano atamzaaje mweusi?" Anamzaa, mjomba! Weusi wa chui hujificha. Mtoto hupokea nakala mbili za jeni, moja kwa baba, moja kwa mama, na hadi zote mbili ziwe za weusi ndipo atoke mweusi. Baba wa njano na mama wa njano, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja asiyoionyesha, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweusi. Ualbino kwa binadamu hurithiwa kwa njia hiyohiyo, na sisi hapa tunajua familia ambamo wazazi hawana ualbino na mtoto anao.

Kwa jagwa mambo ni kinyume. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwake nakala moja inatosha, kama kuku kishingo: jogoo mmoja akiingia bandani, vifaranga vya kishingo utaviona mapema. Kwa hiyo jagwa weusi wawili wanaweza kupata mtoto wa njano, chui weusi wawili hawawezi. Rangi moja, jeni tofauti, njia tofauti. Halafu watu wanawatia katika jina moja!

Vitabu vinasema weusi ni wa misitu minene yenye unyevu, na rasi ya Malaya kule Asia inaviunga mkono, maana huko karibu chui wote ni weusi. Lakini picha nzuri zilizotoka Kenya mwaka 2019 zilipigwa Laikipia, nchi kavu ya migunga. Maelezo ya msitu hayatoshi, na sipendi yanavyofundishwa kama amri. Mimi katika miaka kumi na minne, toka pori la akiba la Lukwika-Lumesule hadi Liwale, sijamwona mweusi hata mmoja. Kwa jeni inayojificha, hilo halinipi ruhusa ya kusema hatazaliwa.

Wengi wanaoapa wamemwona, wameona fungo anayekatiza njia usiku, au mondo mwenye miguu mirefu na masikio makubwa. Mondo mzito hafiki kilo 20.

Jumanne nilikwenda. Mbuzi wawili walikuwa wameuawa, wameng'atwa kooni. Watu hawakuwa zizini. Walikuwa nje ya nyumba ya bibi mmoja mjane, wanasema mnyama mweusi ni wa kutumwa na aliyemtuma anajulikana. Vijana wawili walikuwa na mapanga. Nikamwomba mwenyekiti awalete wote zizini kwanza.

Zizi lilikuwa la vijiti vya mbaazi, kitoto cha mbuzi kingeweza kulitoboa. Kwenye vumbi kulikuwa na wayo mpana, vidole vinne, hakuna alama ya kucha. Fisi na mbwa huziacha. Chui. Aliyekuwa amemwona alimwona magharibi imeshaingia, mwanga nyuma ya mnyama, na hapo kila chui ni mweusi. Kwenye kijiti kilichovunjika palikuwa na manyoya yamenasa. Niliyachomoa taratibu nikayaweka kwenye kiganja cha mwenyekiti, akayasogeza juani kwa kidole. Machache yalikuwa meusi. Mengine yote yalikuwa ya njano.